Niliposema Wote Wanataka Askari Wabaki

Mwanangu Yohana,

Nakuandikia jua likiwa bado juu ya zizi, mama yako hajamaliza kukaanga karanga zako za njiani. Usiku macho yangu hayafai kitu, unayajua. Nikimaliza nitaikunja barua hii niitie katikati ya kitabu chako cha sala, uione garimoshi likiwa limekwisha kuondoka Dodoma. Nakufahamu. Ungeisoma hapa ungeanza kunibishia, na mimi siku hizi nikibishiwa nashindwa.

Habari za blanketi, dawa ya homa, kuchemsha maji na kutomwamini mtu anayecheka sana, mama yako amekwambia mara tatu, na mpaka mfike stesheni atakuwa ametimiza mara ya saba. Mimi hayo sina. Mwandiko wangu pia usiucheke, maana mwalimu wangu wa herufi ni wewe mwenyewe, na mwalimu asiyekuwa na subira huzaa mwanafunzi kama mimi.

Juzi ulipoleta habari kwamba umechukuliwa kuwa mkalimani wa kombania ya askari, wanawake walipiga vigelegele, mjomba wako akachinja mbuzi, mimi nikakaa kimya kama mtu aliyefiwa. Mama yako amenieleza kwamba ulimwuliza pembeni, "Baba ananionea wivu?" Nilicheka. Wivu sina, mwanangu. Nina hofu, na sababu ya hofu hiyo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata huyo anayekukaangia karanga.

Ulisema kombania yenu inakwenda kusini, kwenye nchi iliyopigwa ikanyamaza, na kwamba mtakaa huko mpaka watu watulie. Hayo maneno, "mpaka watulie", nimewahi kuyasikia, tena kwa Kiswahili hiki hiki, nikiwa nimevaa kofia nyekundu ya jumbe wa serikali. Sasa nivumilie.

Wewe unaijua habari ya askari waliokaa hapa kama inavyosimuliwa vilabuni: kulikuwa na vita na watu wa ng'ambo ya mto, baba yako akazungumza na Mdachi, kijiji kikalindwa, watu wakapona. Wakifika hapo wote hunigeukia mimi, na mimi hutazama ndani ya kibuyu changu cha pombe kana kwamba nimeona nzi. Watu wananiheshimu kwa habari hiyo. Kwa sababu yake hata wewe uliingizwa shule.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwaka uliozaliwa wewe mvua ilikataa. Visima tulivyochimba mchangani mtoni vilikauka vyote isipokuwa viwili, na hivyo viwili vilikuwa katikati ya mto, si vyetu si vya ng'ambo. Asubuhi vijana walitukanana, mchana wakachukua mikuki, jioni tukawa tunazika. Baba yako mdogo Chiwanga, aliyenifuata mimi, tulionyonya ziwa moja, alikufa pale, maji yake yamemwagikia mchangani. Nilimbeba mwenyewe. Nilikuwa nimezoea mizigo, maana miaka kabla ya hapo nilikuwa pagazi wa misafara ya pwani, huko ndiko nilikopata Kiswahili na bega hili lililoinama. Lakini mzigo ule, mwanangu, mpaka leo bega linaukumbuka.

Nikaenda bomani kwa miguu, siku nne, nikamleta Mdachi na askari wake. Watu husema nilizungumza na Mdachi. Kweli ni kwamba nilimwendea nikamwita. Kama nisingekuwa na Kiswahili nisingejua hata mlango wa kugonga.

Walipofika walivuka mto, wakachoma tembe zote za ng'ambo. Moshi ulikaa siku mbili. Watu wa kule walikimbilia milimani. Nitakuambia kitu nisichokipenda: nilipanda juu ya kichuguu nikautazama ule moshi, nikafurahi. Nilimwambia Chiwanga kaburini mwake, unaona? Kisha askari wakajenga kambi upande wetu, juu ya visima, mimi nikavishwa kofia, tukalala usingizi. Usingizi ule sitausema vibaya. Mtu ambaye hajawahi kulala na mkuki mkononi miezi miwili asimcheke anayeshukuru bunduki mlangoni pake.

Sasa kuna jambo la ng'ombe, na hili ndilo shina la yote. Wewe umekua ukiona tunawekeana ng'ombe, unadhani ni desturi tu kama kunyoa nywele. Mtu mwenye akili kwetu haweki mali yake yote zizini mwake. Huyu anampelekea rafiki yake, yule anampelekea mkwewe, mbali, hata ng'ambo. Mwenye zizi anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali, ng'ombe akifa unaletewa ngozi uione. Hivyo ukame ukiwapiga hawa, wale wanabaki. Lakini faida kubwa iko kwingine. Ng'ombe wako wakilala kwa mtu, huwezi kuchoma nyumba yake. Na lazima uende kuwatazama, ukienda utakula, ukila utasikia habari za watoto wake.

Mimi nilikuwa na ng'ombe saba ng'ambo, kwa mzee mmoja akiitwa Masinga. Yeye alikuwa na wanne hapa kwangu. Siku askari wanachoma, Masinga alikimbilia mlimani akiwaswaga ng'ombe wangu saba, mbuzi wake akawaacha wakaungua. Hebu soma hapo tena. Nyumba yake inateketea kwa sababu yangu, naye anaokoa mali yangu kwanza, maana ile yake ataililia mwenyewe, ila ya rafiki ataulizwa.

Mdachi aliposikia kwamba ng'ombe wetu wamelala kwa adui na wa adui wamelala kwetu, alicheka mpaka akavua kofia. Akaniambia hilo ni jambo la watu wasio na serikali. Akaamuru kila mtu arudishiwe wake, mali yetu ikae upande wetu mbele ya bunduki, ipate kulindwa. Jambo lile lilinipendeza. Nilikuwa na hasira ya Chiwanga, nilikuwa na kofia mpya, na amri ilifanana na akili. Nikatembea nyumba kwa nyumba nikihimiza. Wazee walinung'unika, nikawaambia mambo ya zamani yamekwisha.

Masinga aliwaleta mwenyewe mpaka ukingoni. Saba walikuwa wamekuwa wanane, na juu ya bega alibeba ngozi ya mmoja aliyekufa kwa kiu. Aliitandika chini, akanionyesha alama yangu ya sikio, nisije nikadhani amemla. Nikampa wanne wake. Akasema, "Mlewa, sasa utakuja kwangu kufanya nini?" Nilimjibu kwamba tutaonana tu. Hatukuonana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu wale siku ya tatu walitupa sisi jembe. Kila nyumba ilitoa mtama, wanawake wakatwanga kwa zamu kambini, na zamu nyingine zilirudi zikilia, nikaambiwa na mimi nikajifanya sikusikia. Wanaume waliochelewa kuni walilazwa chini wakapigwa kiboko, nami nikisimama kando nikihesabu kwa Kiswahili. Si kwamba askari wale walikuwa mashetani. Alikuwapo mmoja mtu mzima, jina lake Farajala, Msudani, ana mvi, aliyekuwa akikubeba wewe begani akikuimbia nyimbo za kwao. Aliniambia ana binti ambaye hajamwona tangu anatambaa. Yeye na sisi sote tulikuwa tunamngoja mtu mwingine aseme lini.

Mwaka wa pili, baada ya mavuno, Mdachi akarudi. Alikaa kwenye kiti chake cha turubai, akaniambia askari wanatakiwa mahali pengine. Siku ile, nimtendee haki, aliuliza vizuri. Alisema hataki kuwaondoa kisha asikie tumechinjana, wala hataki kuwaacha wakae bure. "Waulize watu wako," akasema. "Niwaondoe au niwaache?"

Nikauliza. Mwanangu, watu walisema mpaka kivuli cha kambi kikahama. Mzee mmoja aliyepigwa kiboko alisema waondoke hata kabla ya kula, afadhali afe kwa mkuki wa mtu anayemjua baba yake. Mwingine aliyezika watoto wawili alisema askari wakiondoka na yeye anawafuata nyuma na mke wake. Mama yako alisema wabaki, na usimlaumu, alikuwa amekubeba mgongoni. Hofu ile haikuwa ya kijinga. Tulikuwa tumewachomea watu nyumba, tumewaondolea ng'ombe wetu, tumewazuia visima. Nani angekuwa wao asingekuja?

Ndipo bibi yako, mama yangu mimi, akasimama kule nyuma na fimbo yake. Akasema, "Rudisheni kwanza ng'ombe ng'ambo, kila nyumba mmoja. Wakilala kule mwezi mzima, askari waende zao. Mnaulizana nani atatulinda, na mlinzi mlimswaga wenyewe mkamtia zizini." Akaeleza kwamba amekwisha kupeleka salamu kwa Masinga kupitia wanawake wa kuni, na Masinga yuko tayari kuanza. Alichotaka Masinga ni jambo moja, kwamba nimwombe Mdachi awafungulie njia wenye kuleta ng'ombe. Maana amri ilikuwa mtu wa ng'ambo asivuke bila mimi kumwombea ruhusa.

Wengine walicheka, lakini wengi hawakucheka. Niliona vichwa vikiinama kwa kukubali, hata cha yule aliyezika wawili. Mdachi akaniuliza, bibi yule anasema nini?

Nikamjibu, "Anasema yeye ni mzee, anaogopa." Kisha nikasema, "Wote wanasema askari wabaki."

Basi. Ni hayo tu. Hakuna aliyenishika shingo. Pale uwanjani mimi peke yangu ndiye niliyejua lugha zote mbili, kwa hiyo hapakuwa na wa kunikanusha. Nimejiuliza mara elfu kwa nini. Niliogopa, hilo kweli. Nilikuwa bado na Chiwanga moyoni. Lakini kilichonichoma zaidi, nikikupa ukweli wote, ni kwamba maneno ya mama yangu yalisema nimekosea kurudisha ng'ombe, mbele ya watu, na mimi nina kofia kichwani. Jumbe asiye na askari ni mzee mwenye kofia nyekundu tu. Nilijua hivyo. Nikawaambia watu kwa Kigogo kwamba Mdachi amesikia yote, na atafikiri.

Siku tisa baadaye, alfajiri, Masinga akavuka. Alikuwa anamvuta mtamba mweupe, mzuri, ambaye hajazaa bado. Alijua mambo yameshasemwa barazani. Wanawake wa kuni walimwambia njia itafunguliwa. Aliyekuwa zamu kivukoni ni Farajala. Alimwamuru asimame, na Masinga hakujua hata neno moja la Kiswahili, akaendelea kuja taratibu, kamba mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua, anasalimu kama tunavyosalimu, mbukwenyi, mbukwenyi. Farajala alifuata amri aliyopewa.

Nilipofika nilimkuta Farajala ameketi mchangani karibu naye. Ameishika ile kamba ya ng'ombe, hakutaka kumpa mtu. Aliniuliza, "Jumbe, huyu mzee alikuja kufanya nini?"

Nikasema, "Sijui."

Yohana, yule wa kwanza ulikuwa uongo wa woga, watu wengi wamewahi kuusema. Huu wa pili niliusema juu ya maiti ya rafiki yangu, ng'ombe amesimama pale ananitazama. Mama yangu alinijia siku ile ile, akaniuliza kama nilimwambia Mdachi habari ya njia. Nikamwambia nilimwambia, wazungu wana vichwa vigumu. Akafa miaka mitatu baadaye akiwa anawalaani wazungu kwa kosa la mwanawe. Wana makosa yao mengi wale, lakini lile halikuwa lao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji ya mlimani. Ng'ambo walilipa kisasi, wakatuulia wawili visimani. Askari wakavuka, wakachoma tena. Mdachi akaja akasema, mnaona? Bila sisi mngekuwa wapi? Na hilo nililitafsiri vizuri kabisa, sikuacha hata neno moja njiani. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana sasa lilikuwa kweli. Kila kiangazi walichokaa tuliwahitaji zaidi, na kila tulipowahitaji zaidi wakapata sababu ya kukaa. Hatari tuliyoikimbia haikwenda popote. Ilikaa pale ng'ambo ikinenepa.

Walikaa viangazi viwili vingine. Kisha asubuhi moja wakafunga mizigo, kulikuwa na vita mbali, hakuna aliyetuuliza lolote. Farajala alikushika kichwa, akaondoka. Kufika mchana kambi ilikuwa tupu, tumebaki sisi na mbuzi wetu.

Na sasa usije ukasema baba ameniandikia hadithi ya kwamba jeshi likiondoka watu hukumbatiana. Siku ya tano walikuja. Walichoma tembe ya Chedego, na Chedego mwenyewe wakamwua mlangoni, akiwa hana kosa lolote zaidi ya kujenga karibu na mto. Tuliyoyaogopa barazani yalitokea. Tulipomzika, vijana wakaanza kunoa mikuki pale pale makaburini, na mimi nikajua kwamba kesho yake itakuwa kama mwaka ule wa visima, ila mara hii tutamalizana.

Sasa nafika kwako.

Unakumbuka ulikuwa na miaka kama mitano, ukakaa ng'ambo kwa mjane wa Masinga, uliyemwita mama wa ng'ambo? Juzi kwenye mbuzi wa mjomba wako ulisema mwaka ule ndio uliokuwa mtamu kuliko yote ya utoto wako, maziwa asubuhi maziwa jioni. Mama yako akainuka akatoka nje. Ulidhani ni moshi. Wewe umeaminishwa kwamba tulikupeleka kwa sababu hapa kulikuwa na njaa.

Hapakuwa na njaa. Mama yako alikuwa amekwenda mtoni, mimi nikawatoa ng'ombe wangu wote tisa zizini, nikakushika mkono nikavuka. Vijana wa ng'ambo walitufuata kwa mikuki pande zote mbili mpaka mlangoni kwa mjane yule, na wewe ulikuwa unawaonyesha panzi uliyemkamata. Alitoka. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka yake. Nikamwambia nimeleta ng'ombe walale kwake, na mtoto huyu pia.

Akasema, "Ng'ombe naelewa. Mtoto wa nini?"

Nikamwambia, "Ng'ombe niliwahi kuwachukua. Huyu sitamchukua mpaka wewe mwenyewe uniletee."

Sikujua atafanya nini, na nisikudanganye kwamba nilikuwa na imani. Kisha akainama, akakuuliza kama umekula. Ukasema hujala. Akakuingiza ndani.

Nilikuweka rehani, mwanangu. Mwanangu wa kwanza wa kiume, nilikuweka kwa watu niliowachomea nyumba, ili vijana wetu wasithubutu kuvuka na wale wa ng'ambo wasiwe na haja. Mama yako aliporudi kutoka mtoni hakulia. Aliniuliza mara moja uko wapi, akasikia, na tangu siku ile mpaka uliporudishwa, mvua za pili, hakusema nami neno. Alinipakulia ugali kama anavyopakuliwa mgeni asiyetakiwa. Alikuwa na haki. Wewe ulirudi umenenepa, umejua matusi ya ng'ambo yote, unamlilia mama yule.

Katika muda huo watu walinifuata. Kwanza yule aliyezika wawili alimpeleka ng'ombe mmoja. Halafu ng'ombe wawili kutoka ng'ambo walilala kwetu. Walikuwapo waliokataa mpaka wakafa. Amani yenyewe ilikuja ikichechemea, lakini ilikuja, na mlezi wake hakuwa na bunduki.

Utaniuliza sasa, maana umesoma: basi baba, wangeondoka ile siku tulipoulizwa, ingekuwaje? Nimelifikiria swali hilo nikichunga, nikilima, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri marefu. Sijui. Labda Chedego angekufa mwaka ule badala ya baadaye, labda na wengine kumi pamoja naye. Siwezi kukuapia kwamba hakuna damu ingemwagika. Ninachokijua ni hiki kidogo: kulikuwa na njia ya kuwaondoa huku tukishikana mikono na wenzetu, mwanamke mzee aliisema wazi, na hatukuijaribu kwa sababu haikufika kwenye sikio la Mdachi. Ikaja siku wakaondoka vivyo hivyo, na sisi tukiwa hatujajiandaa lolote. Jeshi la mtu mwingine huondoka siku yake, mwanangu. Anayelitegemea hajui siku hiyo.

Wewe huko hutaamua jeshi likae au liondoke. Mkalimani haamui. Lakini itafika siku bwana wako atakaa kwenye kiti, watu watakuwa chini mbele yake wakisema maneno yanayogongana, yeye atakugeukia wewe akitaka neno moja. Joto litakuwa kali, atakuwa anataka chakula chake. Utaona jinsi neno "wote" lilivyo jepesi. Mpe kila neno na mwenyewe: huyu anasema hivi, yule anasema vile, na yule bibi kule nyuma ambaye watu wamemcheka anasema hivi. Atakukasirikia. Akasirike. Na ukifika, kabla hujashangaa watu hao wanavyochukiana, chunguza ni kitu gani kilikuwa kinawafanya watembeleane kabla ninyi hamjafika, na nani alikiondoa. Si lazima kiwe ng'ombe.

Wala usiwachukie askari wako. Wengine watakuwa akina Farajala. Sikupata kumwambia Farajala kwamba Masinga alikuja kufanya nini, naye ameondoka akiamini aliua mtu mkorofi, au pengine haamini, anaamka usiku anajiuliza. Ukimkuta mahali, ni mzee sana sasa, mwambie.

Limebaki moja. Mjane wa Masinga yuko hai, kesho atakuja njiani kukuaga, nimesikia amekusukia kikapu. Ng'ombe wangu wako kwake hadi leo, wamefika kumi na mmoja. Kila mwezi nakwenda kuwatazama. Ananiwekea kigoda, ananipa maziwa, na mazungumzo yetu hayajawahi kumalizika bila yeye kusema jambo lile lile. "Masinga wangu alikuwa mkaidi. Angekuomba ruhusa angekuwa hai." Miaka kumi na sita anamlaumu marehemu mumewe mbele yangu, anatikisa kichwa, ana huzuni na hasira naye pamoja. Na mimi nakunywa maziwa.

Kesho nitakusindikiza na mama yako mpaka Dodoma. Wakati wa kurudi njia ni ndefu, nitamweleza mama yako, na nadhani nitarudi kwenye ugali wa mgeni. Kisha sitapita nyumbani kwanza. Nitavuka. Huenda mjane yule akaenda zizini akafungua, akawaswaga wale kumi na mmoja mbele yangu, na watu wa pande zote mbili watawaona wakivuka, watauliza, nami sitakuwa na la kuficha tena. Naogopa jambo hilo, Yohana, naliogopa kwa ajili ya kijiji kizima na si kwa ajili yangu peke yangu. Nimetafuta sababu za kunyamaza nikazipata nyingi, na zote zinafanana na zile za barazani.

Kwa hiyo akiniletea maziwa nitayaweka chini. Nitamwambia mumewe hakuwa mkaidi, na kwamba aliomba ruhusa, na kwamba aliniomba mimi.

Nenda salama, mwanangu, Mungu akuchunge huko nisikofika.

Baba yako,
Mlewa